Kwenda misheni kwenye pwani iliyofurika: mwongozo kwa kikundi cha kanisa

Mafuriko yakipiga pwani, makanisa ya mbali huwa na mwendo uleule: tangazo Jumapili, sanduku la sadaka mlangoni, marundo ya nguo ukumbini, na kufikia Jumatano mtu ameshakodi basi. Moyo ni mzuri. Kinachokosekana ni mtu wa upande wa pili aliyeulizwa.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wa kawaida, kumi hadi ishirini hivi, wasio waokoaji wala wataalamu wa maafa, wanaotaka kwenda kufanya kazi kwa wiki moja au mbili. Msimamo wake ni mmoja: waliofurika ndio wanaoongoza, na wageni wanakwenda kuwaongezea mikono.

Hatua ya 1: Tafuta mwenyeji kabla ya kutafuta nauli

Mwenyeji ni mtu au taasisi iliyo kwenye eneo lenyewe, inayojulikana na watu wa pale, na itakayobaki pale mkishaondoka. Anaweza kuwa usharika uliofurika, baraza la makanisa la eneo hilo, au shirika la misaada la kanisa ambalo tayari lina watu kazini. Kikundi kisicho na mwenyeji hakina misheni, kina matembezi.

Mkimpata, mpigieni mkijua hali yake. Mchungaji mnayezungumza naye huenda analala kwenye darasa la shule pamoja na waumini wake, simu yake ina chaji kidogo, na siku hiyo ameshajibu vikundi vingine kadhaa kama chenu. Msimwagize picha, takwimu na barua ya mwaliko yenye mhuri. Mwulizeni mambo manne tu: kazi gani inahitaji mikono, watu wangapi wanaweza kupokelewa bila kumlemea mtu, watalala wapi, na tarehe ipi inafaa.

Kuna ugumu mmoja hapa. Wenyeji wengi, kwa heshima, hawawezi kumwambia mgeni asije. Ukiuliza "Mchungaji, tuje?" utajibiwa "Karibuni sana", hata kama ujio wenu ni mzigo. Kwa hiyo uliza swali linaloacha nafasi ya kukataa: "Mchungaji, tuna nauli ya watu kumi na watano. Itawafaa zaidi tuje, au tuwatumie nauli hiyo muwalipe mafundi wa hapohapo?" Mpe siku mbili ashauriane na wazee wake. Akisema tumeni fedha, tumeni fedha. Hiyo nayo ni misheni, ingawa haina fulana zilizochapishwa.

Akisema njooni, tangulizeni watu wawili. Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kukagua kuta zilizobomoka, kabla hajamweleza mtu yeyote mpango wake. Watangulizi wenu wafanye hivyohivyo: waangalie, wasiahidi. Wajue barabara ipi inapitika, mahali pa kulala pana choo au hapana, hospitali iliyo wazi iko umbali gani, na ni mamlaka gani ya maafa inayotakiwa kupewa taarifa. Karatasi za vibali zishughulikiwe katika ziara hiyo, si siku basi zima linasubiri kwenye kizuizi.

Hatua ya 2: Chagueni wakati, na wakati huo mara nyingi si sasa

Siku za kwanza ni za uokoaji: boti, majirani wavuvi, jeshi, Msalaba Mwekundu. Mtu asiye na mafunzo huko ni mdomo mmoja zaidi wa kulishwa na pengine mwili mmoja zaidi wa kutafutwa. Maji yanayokwenda kasi, hata ya kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 huelea na gari dogo, na sentimita 60 huzoa magari mengi, yale marefu yakiwemo.

Baada ya maji kushuka huja majuma ya kutoa tope na kukausha nyumba. Hapo mikono isiyo na ujuzi ina kazi ya kutosha. Kisha huja kipindi kirefu cha ujenzi, ambacho huchukua miezi na mara nyingi miaka, na hicho ndicho kinachosahaulika. Kimbunga Katrina kilipiga pwani ya kusini ya Marekani tarehe 29 Agosti 2005, kingo za kuzuia maji zikapasuka, na karibu asilimia 80 ya mji wa New Orleans ikawa chini ya maji. Vikundi vya makanisa vilikuwa bado vinapigilia paa miaka kadhaa baadaye. Mennonite Disaster Service, shirika la kujitolea la makanisa ya Wamenonaiti lililoanza mwaka 1950 katika jimbo la Kansas, limejijengea jina kwa kufanya kazi ya aina hiyo hasa: kukarabati na kujenga wakati kamera zimeshaondoka.

Kama ningeulizwa na kamati ya misheni isiyo na uzoefu, ningesema mwezi wa tatu baada ya mafuriko. Tope la kwanza limeshatoka, mwenyeji amelala vya kutosha kuweza kupanga kazi, na misaada ya haraka imeanza kupungua.

Pwani ina kalenda yake ya ziada. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa juu zaidi ya kawaida, na mvua ikinyesha siku hizo mto na mitaro hukosa pa kumwagia. Mtaa uliokauka Jumatatu unaweza kuwa na maji tena Alhamisi. Pateni jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu, na mpange kazi za mabondeni siku za maji mafu, wakati bahari haijai sana. Angalieni pia kama msimu wa dhoruba umekwisha. Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019. Tarehe 25 Aprili kimbunga kingine, Kenneth, kikapiga kaskazini mwa nchi hiyohiyo.

Hatua ya 3: Chagueni watu kwa kazi, si kwa hamu

Orodha ya waliojitolea huwa ndefu kuliko viti. Anzeni na fundi ujenzi, fundi umeme, muuguzi, mpishi anayeweza kupikia watu wengi kwa vifaa vichache, dereva mtulivu, na mtu anayejua lugha ya wenyeji. Kisha wenye mgongo mzima. Kubeba tope kutwa nzima ni kazi ya kuvunja kiuno, na mgonjwa wa pumu au wa moyo asiingie kwenye nyumba yenye kuvu. Yupo wa kukatwa ambaye ni vigumu kumkata: aliyefiwa hivi karibuni na anatafuta mahali pa kusahau. Nyumba za watu waliopoteza kila kitu si mahali pa kusahaulia.

Kila mmoja asaini kanuni fupi kabla ya kupanda basi. Hakuna kupiga picha ya mtu bila ridhaa yake, na hakuna picha ya mtoto inayowekwa mtandaoni. Hakuna kutoa fedha mkononi kwa siri. Hakuna mtu mzima kubaki peke yake na mtoto asiye wake. Daima wawili, mahali panapoonekana. Na hakuna mtoto anayechukuliwa kwenda popote, hata kama mzazi mwenyewe anaomba kwa machozi. Mwishoni mwa Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti kumi kutoka Marekani walikamatwa wakijaribu kuvuka mpaka na watoto 33 bila karatasi halali. Wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi walio hai. Mkikutana na mtoto aliyetengana na ndugu zake, apelekwe kwa maofisa wa ustawi wa jamii au Msalaba Mwekundu, ambao wana kazi maalumu ya kuunganisha familia.

Hatua ya 4: Fedha kwanza, mizigo baadaye

Paulo alipokusanya changizo la watakatifu wa Yerusalemu hakulibeba peke yake. Katika sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba ndugu wengine, waliochaguliwa na makanisa, walisafiri na fedha hizo ili asiwepo wa kumlaumu. Fanyeni vivyo hivyo: watunza hazina wawili wasio ndugu, daftari moja, risiti kwa kila kitu, na mafungu mawili yasiyochanganywa. Fungu la kwanza ni la kuwasafirisha na kuwalisha ninyi. La pili ni la wenyeji, na hilo halinunui hata chupa ya maji ya mgeni. Tengeni pia sehemu ya fungu la pili isiguswe wakati wa safari. Matumizi yake yako mwishoni mwa mwongozo huu.

Kuhusu mizigo, swali la kwanza ni kama soko la karibu limefunguliwa. Likiwa wazi, nunueni huko. Mchuuzi wa pale naye alifurika, na sabuni ile mliyoibeba kilomita mia nne ni mteja mliyemnyang'anya. Nguo za mitumba ziacheni isipokuwa mwenyeji ametaja aina, umri na idadi. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, marundo ya nguo zilizotumwa yalitelekezwa kando ya barabara kwenye pwani ya Tamil Nadu, India, kwa sababu hakuna aliyezihitaji. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msiyabebe kabisa. Mahali penye maji machafu huharisha watoto, na humfanya mama aache kunyonyesha wakati ambapo maziwa yake ndiyo chakula pekee salama.

Mnachotakiwa kubeba ni vitu vya kuwafanya msimtegemee mtu, na zana:

- buti za mpira zenye soli ngumu, glovu nzito, miwani ya kinga, na barakoa za N95 (za kitambaa hazizuii kuvu);
- makoleo bapa, toroli, ndoo, nyundo, mitaimbo, fagio ngumu, pampu ya kunyunyizia;
- jenereta na mafuta yake, taa za kichwani, nyaya ndefu;
- vyandarua, dawa ya mbu, turubai, mikeka au magodoro ya kukunja;
- sanduku la huduma ya kwanza na pakiti nyingi za ORS (chumvichumvi za kunywa mtu akiharisha);
- vyombo vya maji, vidonge vya klorini, chakula kikavu cha siku zote.

Andikeni jina la kikundi kwenye kila chombo. Makoleo yote duniani yanafanana.

Hatua ya 5: Kliniki, mwezi mmoja kabla

Kila mtu aonane na daktari mapema, kwa sababu chanjo nyingine huchukua majuma kufanya kazi. Pepopunda ndiyo isiyo na mjadala: misumari na mabati yamejificha ndani ya tope. Ulizeni kuhusu homa ya ini A, homa ya matumbo, kipindupindu, na dawa ya kukinga malaria kama eneo linayo. Ulizeni pia kuhusu leptospirosi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya ndani ya maji, ambao Tanzania huuita homa ya mgunda. Daktari anaweza kuwaandikia dawa ya kujikinga nao.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, mikono mfukoni

Siku ya kufika hakuna kazi. Kaeni na mwenyeji, msikilize historia yake hata kama ni ndefu, mtembee naye mtaa kwa mtaa. Jitambulisheni kwa viongozi wa eneo na, kama mwenyeji anaona inafaa, kwa viongozi wa dini nyingine pia. Orodha ya nyumba za kusaidiwa iandaliwe na kamati ya wenyeji kwa kufuata uhitaji: wajane, wazee, wenye ulemavu, nyumba zenye watoto wachanga. Isiwe orodha ya washirika. Mkiambiwa "hawa ndio wanakwaya wetu, tuanze nao", ombeni kwa upole kamati ipanuliwe, na jirani asiye wa kanisa awe ndani yake.

Jioni hiyo, kabla ya kulala, elezaneni habari za usalama: nani kiongozi wa kila timu, filimbi inalia mara ngapi watu wakitakiwa kukusanyika, gari lipi haliondoki kambini kwa sababu yoyote isipokuwa mgonjwa.

Hatua ya 7: Maji yenu msiyachote kwa wenyeji

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia duniani kote, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha, na choo kimoja kwa kila watu 20. Watu 15 ni lita 225: zaidi ya madumu 11 ya lita 20, kila siku. Yatatoka wapi? Kama jibu ni "kwenye tangi la kambi ya waathirika", punguzeni watu.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili. Pasipo na kuni wala gesi, tumieni vidonge kwa kufuata maelezo ya pakiti, au jiki isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita moja ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na vumbi, chujeni kwa kitambaa safi kwanza na matone yawe 4.

Beira, kipindupindu kilitangazwa tarehe 27 Machi 2019, haijatimia hata wiki mbili tangu kimbunga kutua, na waliougua mjini na katika wilaya jirani walipita 6,000. Kwa hiyo mwanakikundi akiharisha, anaondoka jikoni saa hiyohiyo, haoni aibu kusema, na anaanza ORS. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 bapa vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akiharisha maji matupu mfululizo, hospitali, bila kusubiri ibada iishe.

Hatua ya 8: Nyumba

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ina mpangilio wake.

Msiingie mpaka mtu anayeelewa ameizunguka nyumba kwa nje. Ukuta umetoka kwenye mstari? Paa limelegea? Msingi umechimbwa na maji? Kuta za udongo ni za hatari ya pekee, maana zinaweza kusimama siku zote za maji kisha zikaanguka zinapokauka. Kuna harufu ya gesi? Rudini nyuma. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu na fundi, na usirudishwe mpaka nyaya zikaguliwe. Maji ya bahari huacha chumvi ndani ya soketi na swichi, ambayo huendelea kula shaba hata baada ya kukauka, kwa hiyo soketi iliyozama kwenye maji ya chumvi hubadilishwa, haianikwi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlango au dirisha lolote. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na huua watu usiku wakiwa wamelala.

Kisha subirini mwenye nyumba. Hakuna kitu kinachotoka bila yeye au ndugu aliyemteua kuwepo. Mpigieni picha za kila chumba kwa simu yake mwenyewe kabla hamjagusa kitu, na alama ya maji ukutani ionekane. Atazihitaji kwa bima, kwa fidia au kwa orodha ya misaada. Halafu mwulizeni: "Mama, tutafute nini kwanza?" Mara nyingi si televisheni. Ni vyeti, hati ya kiwanja, picha ya harusi, Biblia au Kurani ya babu, cherehani. Picha na karatasi zilizolowa zisuuzwe taratibu kwenye maji safi na kuanikwa kivulini, zisitenganishwe kwa nguvu. Zikiwa nyingi na kuna friji inayofanya kazi, zigandishwe kwenye mifuko, zishughulikiwe polepole baadaye.

Neno "takataka" liacheni nje ya mlango. Chungu kimoja kilichopasuka kinaweza kuwa kitu pekee kilichobaki cha marehemu. Wekeni rundo la vya kubaki, rundo la vya kuamuliwa na rundo la vya kutupa, na anayeamua ni mmoja. Itawachelewesha. Vijana watanung'unika kwamba nyumba moja imechukua siku mbili wakati timu nyingine imemaliza tatu. Mwacheni mwenye nyumba ashike kila kitu mkononi kwanza.

Tope litolewe likiwa bado na unyevu, kwani likikauka huwa kama saruji. Anzieni chumba cha mbali kuelekea mlangoni. Lichukulieni kuwa na kinyesi ndani yake, kwa sababu vyoo vya shimo na mitaro ya maji taka vyote vilifurika: glovu muda wote, mkwaruzo wowote uoshwe na kufunikwa palepale, hakuna kula na buti miguuni. Lirundikwe mahali mamlaka ilipoonyesha, kamwe si kwenye mtaro, la sivyo mvua ijayo inamrudishia jirani.

Magodoro, makochi, zulia, dari za ubao laini na jipsamu iliyolowa hazifai kuokolewa. Kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Jipsamu ikatwe juu ya alama ya maji ili ukuta upumue kwa ndani. Kuta ngumu zioshwe kwa maji na sabuni kwanza, maana dawa haifanyi kazi juu ya uchafu, kisha zipakwe jiki iliyochanganywa kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, madirisha yakiwa wazi. Jiki isichanganywe kamwe na dawa yenye amonia wala tindikali ya kusafishia choo; mvuke wake ni sumu.

Baada ya hapo ni kukausha, na hapa ndipo vikundi vyenye haraka huharibu. Tamaa ya kupiga picha ya nyumba iliyopakwa rangi ni kubwa. Lakini mbao zikifunikwa zikiwa na unyevu, kuvu hurudi nyuma ya ukuta mpya, na familia inabaki nayo. Kipima unyevu ni kifaa kidogo, na mbao zikishuka mpaka karibu asilimia 15 ndipo zifunikwe. Kwa hewa ya pwani hilo linaweza kuchukua majuma. Safari yenu ikiisha kabla, acheni ukuta wazi, mlipie vifaa, na fundi wa pale aje kuumaliza.

Hatua ya 9: Visima, kwa tahadhari

Kila kikundi hutaka kusafisha kisima. Kwenye pwani, ulizeni kwanza mtaalamu wa maji wa eneo. Maji baridi ya ardhini karibu na bahari hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na ukivuta kwa pampu kubwa, ya chini hupanda. Baada ya tsunami ya 2004, visima vingi vya Sri Lanka vilivutwa tena na tena kwa nia njema, na vingine vikazidi kuwa na chumvi. Mvua ndiyo iliyofanya kazi kubwa ya kuvirudisha. Klorini huua vijidudu, haiondoi chumvi. Kisima kilichoingiwa na bahari kitolewe tope na uchafu kwa utaratibu, kisha kiachwe, na watu wapelekewe maji mengine ya kunywa.

Hatua ya 10: Neno, na lini likae kimya

Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana kanuni kumi za mwenendo wakati wa maafa, na mojawapo ni kwamba msaada hautatumiwa kuendeleza msimamo wa dini au siasa. Ni rahisi kudhani hayo yaliandikwa na watu wasiopenda kanisa. Walioyaasisi ni pamoja na Caritas Internationalis ya Kanisa Katoliki, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Kwa vitendo: hakuna mahubiri kabla ya kugawa chakula. Hakuna kadi ya uamuzi wa wokovu pamoja na kadi ya turubai. Mtu aliyepanga foleni na mtoto mwenye njaa atasema amina kwa lolote, na amina hiyo haina maana kwake wala kwa Mungu. Mkutano wa injili wenye vipaza sauti ufanyike msimu mwingine, mwenyeji akiutaka.

Imani haifichwi kwa sababu hiyo. Mtu akiuliza kwa nini mmekuja, mjibuni wazi. Akiomba maombi, mwombeeni kwa sauti ya chini, muda mfupi, bila kumshika kichwa asipotaka. Ibada yenu ya asubuhi fanyeni kambini, na Jumapili mwenyeji ahubiri, ninyi mkae kwenye mabenchi. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, na huo ulikuwa utumishi wao bora. Mambo yaliharibika walipoanza kueleza sababu. Kwa hiyo msiseme mafuriko ni adhabu, wala jaribu, wala kwamba Mungu alimhitaji yule mtoto mbinguni. Semeni "pole", kisha mshike koleo.

Anayeshindwa kulala, anayetetemeka akisikia mvua, au anayesema afadhali angekufa naye, msimgeuze kuwa mada ya ushuhuda. Angalieni hali yake, msikilizeni bila kumlazimisha kusimulia, mkamuunganishe na mhudumu wa afya au mtu wake wa karibu siku hiyohiyo.

Hatua ya 11: Kuondoka, na majuma yanayofuata

Siku moja kabla ya safari ya kurudi, pitieni kila nyumba mliyoigusa pamoja na kamati. Andikeni kilichokwisha na kisichokwisha, nakala moja ibaki kwa mwenyeji. Zana anazozitaka zibaki, zikiwa zimeoshwa. Lipeni madeni yote mtaani, mpaka ya muuza vocha. Sherehe ya kuwaaga ikiandaliwa, ulizeni nani anaigharamia.

Taarifa ya fedha iende kwa mwenyeji kabla haijasomwa kanisani kwenu, ili arekebishe palipokosewa. Picha zitakazoonyeshwa azione pia.

Kwa siku 30 baada ya kurudi, yeyote atakayepata homa, maumivu ya misuli, macho mekundu au ya manjano aende hospitali na amwambie daktari waziwazi kwamba alifanya kazi kwenye maji ya mafuriko. Bila taarifa hiyo leptospirosi hupita ikidhaniwa mafua makali. Malaria nayo inaweza kuchelewa majuma. Kiongozi awapigie wote, mmoja mmoja, mara mbili ndani ya mwezi huo, na awaulize pia kuhusu usingizi. Vijana waliobeba vitu vya wafu hawasemi wasipoulizwa.

Ile sehemu ya fungu la pili iliyotengwa ina matumizi yake sasa. Miezi mitatu baada ya kurudi, mtunza hazina ampigie mwenyeji na kuuliza maswali ya fundi: mbao zimekauka kiasi gani, milango imevimba wapi, ni ukuta upi umeota kuvu tena, kisima kina ladha gani baada ya mvua. Fedha ziende kwenye majibu hayo, kwa jina la nyumba, na risiti zirudi.